Mabuti ya Tabibu wa Mji

Mabuti yalikuwa safi mno, na usafi huo ndio uliomnyima Kupe raha.

Yalikuwa mabuti ya mpira, ya kijani, yanayofika chini kidogo ya magoti, na yalilala juu ya meza ya chumba cha vielelezo. Kupe aliyageuza soli zikatazama juu. Akachukua kijiti cha kiberiti, akakipitisha katika kila mfereji wa soli, na kijiti kikatoka kama kilivyoingia. Mwenye mabuti haya aliopolewa kwenye bwawa ambalo kingo zake ni tope linalomeza mguu mpaka kifundoni. Tope hilo bado lilikuwa limeganda kwenye viatu vya Koplo aliyekwenda kumwopoa, ingawa alikuwa amevisugua mara chungu nzima.

"Maji yaliyaosha, Afande," Koplo alisema.

"Maji huosha juu. Mifereji ya soli huoshwa na brashi."

Kupe si jina alilopewa na wazazi wake. Inspekta huyu alibandikwa jina hilo na wenzake hapo kituoni, kwa sababu aking'ata jambo hang'oki mpaka aondoke na nyama. Alilijua, alijifanya halijui, na kwa siri alilipenda.

Marehemu naye alikuwa na jina lake la mtaani. Alikuwa mtafiti, na kazi yake ilikuwa kuuchunguza mji kama mtu anavyochunguza kiumbe hai: maji yake yanapita wapi, joto lake linakaa wapi, popo na nyuki na miti vinaufanyia kazi gani. Watu walimwita Tabibu wa Mji, na hawakukosekana waliompelekea vikohozi vyao. Yeye aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawauliza madirisha ya vyumba vyao yanatazama upande gani. Juzi asubuhi alikutwa akielea kifudifudi kwenye Bwawa la Juu, paji la uso limepasuka. Kufika adhuhuri, Pilipili alikuwa ndani.

Pilipili alilima mboga kando ya bwawa hilo, na jina alilipata kwa bustani yake na kwa ulimi wake pia. Halmashauri ilitaka kulifukia bwawa ijenge stendi ya mabasi. Miaka yote Tabibu alisimama kidete kupinga, kisha wiki iliyopita, mbele ya mkutano wa hadhara, akatangaza kwamba ameridhia na ataweka saini. Pilipili aliinuka akamnyooshea kidole. "Ukilifukia bwawa hili," alisema, "nami nitakufukia wewe humo humo." Ukumbi mzima ulisikia, na mkuu wa kituo alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Ndiyo maana Mkuu hakuona haja ya kuzungushana. Alimwambia Kupe kwamba mdomo umemponza mtu, kwamba kesho asubuhi Pilipili anapanda kizimbani kwa mauaji, na kwamba anayetaka kupiga mswaki mabuti ya maiti apige lakini jalada lifungwe leo. Kupe alijua maana yake. Kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu angeweza kukaa rumande miaka, akaingia na nywele nyeusi akatoka na mvi, ndipo aambiwe hana hatia.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mke wa Pilipili, sweta la mumewe limekunjwa mapajani. Alikuwa hapo tangu jana. Hakulia wala hakuuliza neno. Kila Kupe alipopita, mama huyo aliinuka kidogo, kisha akakaa tena, na Kupe akaanza kupitia mlango wa nyuma kwa kuona aibu.

Kulikuwa na jambo jingine. Suruali ya marehemu ilikuwa ya buluu iliyokolea, lakini kuanzia magotini kwenda chini ilikuwa na madoa meupe, na mikono ya shati vivyo hivyo. Mkuu alikuwa na jibu lake: Pilipili ana pampu ya kunyunyizia dawa ya wadudu, alimnyunyizia Tabibu, akamsukuma, basi. Lilikuwa jibu zuri, na Kupe aliliheshimu kwa kulijaribu. Aliomba kipande cha kitambaa cha rangi ile ile kwa fundi cherehani wa jirani, akakilowesha kwa dawa iliyobaki kwenye pampu, akakianika dirishani tangu asubuhi. Sasa Koplo alikileta kwa ncha za vidole. Kilikuwa kimekauka, kinanuka mpaka machozi yanatoka, na bado ni buluu kama kilivyozaliwa.

Walipokuwa bado wanakitazama, daktari wa mochwari alileta majibu yake. Jeraha la paji la uso lingemzimisha mtu, lakini lisingemuua. Tabibu alikufa kwa kunywa maji. Na ndani kabisa ya koromeo lake daktari alikuta vijani vya kijani, kila kimoja kidogo kama punje ya dengu, akaviweka kwenye kichupa. Mkuu aliposikia alisema maji ni maji na majani ni majani. Kupe alitia kichupa mfukoni, akamwita Koplo, wakatoka.

Hakuanzia Bwawa la Juu. Alilikumbuka vizuri, maji yake meusi na maangavu, unaona mpaka miguu ya ndege waliosimama humo. Alianzia Bwawa la Chini, nyuma ya viwanda, ambako maji ya uvuguvugu hutoka kwenye karavati la zege mchana na usiku. Huko uso wote wa maji ulikuwa umefunikwa zulia la kijani, limeshonana hata kuku angeweza kudanganyika akapita juu yake. Kupe alichuchumaa, akachota kiganja kimoja, akakilinganisha na kichupa. Vilikuwa pacha.

Alilitazama karavati. Ukingo wake ulikuwa mkali, umefika usawa wa maji. Jioni ya tukio mvua ilinyesha kama imetumwa, kwa hiyo hapakuwa na damu wala alama ya kiatu. Koplo alisema basi Pilipili alimuulia huku.

"Halafu akambeba mpaka kwenye bwawa lililo mlangoni pake, ili tumpate upesi?" Kupe aliuliza.

Njia nzima kwenda juu Koplo alitembea akiikuna shingo.

Bwawa la Juu lilikuwa limezungushiwa kamba ya polisi, ya manjano, kutoka mti hadi mti. Nje ya kamba yalisimama matingatinga mawili, na madereva wake walikuwa wanacheza drafti kivulini. Walimlalamikia Kupe kwamba wamemaliza kuzibua mitaro ya Bwawa la Chini wiki iliyopita, wakaletwa huku waanze kufukia, na siku ile ile ya kuanza wakakuta kamba. Kupe aliwatazama, akayatazama matingatinga, ukijani mkavu bado umeng'ang'ania kwenye minyororo yake. Aliwaambia wavute subira.

Kwenye lango la kituo cha utafiti, kibanda cha mbao kilichoegemea maji, alisimamishwa na mwanamke mmoja wa makamo. Huyu alikuwa mshirika wa marehemu. Katika kibanda kile walifanya kazi wawili tu, yeye na Tabibu, na wawili hao tu ndio waliokuwa na funguo za kibanda na za pikapu iliyoegeshwa pembeni. Wanafunzi walimwita Mama Konokono, kwa kuwa ilisemekana anawajua konokono wa bwawa lile mmoja mmoja.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Bwawa la Chini, Mama."

"Basi simama hapo hapo. Usiinue mguu."

Kando ya lango palikuwa na karai, brashi na pipa lenye harufu kali ya klorini. Kupe, ambaye amewahi kuingia nyumba za majambazi bila hodi, alijikuta amesimama kwa mguu mmoja ameshika nguzo, huku mama wa watu anasugua soli yake kwa brashi, mfereji kwa mfereji, na kumrushia matone suruali nzima. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mama Konokono aliinama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akaguna alipoinuka. Koplo naye alisuguliwa. Alipouliza sheria hii ni ya nani, alijibiwa kwamba ni ya bwawa, na kwamba hata waziri alipokuja alisuguliwa.

"Mgongo unakusumbua, Mama?" Kupe aliuliza.

"Uzee huo. Karibuni ndani."

Ukuta mzima wa kibanda ulikuwa ramani ya mji, lakini haikuonyesha barabara wala majina ya mitaa. Ilionyesha maji kwa buluu, joto kwa wekundu, njia za ndege na za upepo kwa mishale. Kupe alikaa akauliza kazi ya marehemu ilikuwa nini hasa, naye Mama Konokono, ambaye mpaka hapo sauti yake ilikuwa ya kukokota, akapata uhai. Alisema mji unakula, unakunywa, unatoka jasho na kwenda haja, na wanaoujenga wanaujua uso wake tu. Alipiga kidole kwenye doa la buluu katikati ya wekundu.

"Hili bwawa ni figo. Mvua ikinyesha, maji ya mapaa yote haya huja hapa kupumzika. Ukilifukia, hayatapotea. Yatatafuta pa kulala, na yatalala vitandani mwa watu."

Kidole chake kilishuka mpaka mitaa ya bondeni. Mama yake mzazi Kupe alikuwa na chumba chake huko. Kupe alikitazama kidole kile, akajikumbusha kilichomleta.

Akamuuliza alikuwa wapi jioni ile. Nyumbani, alijibu, mgongo umemshika. Na Tabibu je? Huku juu, alidhani, akipima maji. Na Pilipili, anaweza kuua? Hapo Mama Konokono alianza kupanga vichupa vyake ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Alisema Pilipili ana hasira za moto wa mabua.

Kupe aliinamisha macho. Kwenye pindo la suruali yake ya sare, pale matone ya brashi yalipoangukia, buluu ilikuwa inakufa. Madoa yalikuwa yanafunguka moja moja, meupe, ya ukubwa na umbo aliloliona asubuhi kwenye nguo za maiti. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Aliuvuta mguu chini ya kiti, taratibu.

"Mama," aliuliza kwa upole, "hili gugu la chini, huku juu halimo kabisa?"

Uso wa yule mama uling'aa. "Hata jani moja. Nimelilinda bwawa hili kuliko nilivyowalinda wanangu. Likinasa jani moja kwenye soli likaingia humu, mwaka haugeuki, bwawa limekufa."

Kupe alitoa kichupa mfukoni, akakiweka mezani kati yao.

"Haya yametoka kooni mwa mwenzako."

Nje drafti iligongwa, dereva mmoja akacheka. Mama Konokono alikitazama kichupa bila kukigusa.

"Tabibu alikunywa maji ya chini, akafa huko," Kupe aliendelea. "Maiti haipandi kilima kwa miguu yake, wala haijisugui soli. Aliyemleta alimpiga brashi mabuti, akampaka klorini suruali na mikono ya shati, ndipo akamtia majini. Pilipili angemtupa na tope lake. Hata mimi ningemtupa na tope lake. Katika mji huu wote, Mama, ni nani angemwosha maiti mabuti?"

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Hata nywele zake nilizichambua," Mama Konokono alisema mwishowe. "Jani kwa jani, na mvua inanipiga. Kooni sikufikiria."

Baada ya hapo alisema yote, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo asiojali tena utaangukia wapi. Alimfuata Tabibu kule chini kumsihi aifute saini aliyokwisha kuiweka. Tabibu alimwambia halmashauri imeahidi kulitibu Bwawa la Chini kama wataachiwa la juu, na kwamba tabibu wa kweli hukata kidole kuokoa mkono. Yeye akamwambia hiki si kidole. Tabibu akamgeuzia mgongo aendelee kupima maji yake, wala hakumtukana, na kule kugeuziwa mgongo ndiko kulikomuuma. Alimsukuma. Mwenzake akajigonga kwenye ukingo wa karavati, akaangukia uso majini.

"Maji yenyewe hayafiki magotini," alisema. "Ningemvuta shati. Nilisimama tu, mikono imekataa. Kisha ikawa hakuna haja ya kumvuta."

"Kwa nini hukumwacha kule kule?"

Mama Konokono alinyoosha mkono dirishani, akaonyesha ile njano iliyozunguka bwawa.

"Kwa ajili ya kamba. Matingatinga yalikuwa yanaanza kesho yake. Nilijua nyinyi mkifunga kamba yenu hamfungui upesi. Hakuna kingine ambacho halmashauri ingekiogopa."

Alimviringisha kwenye turubai, akamkokota mpaka kwenye pikapu, na hapo ndipo mgongo ulipomkatikia. Kupe alimwona waziwazi, mwanamke mmoja kwenye mvua, kamuua mwenzake wa kazi, na bado hathubutu kumwingiza bwawani bila kumsugua.

"Na Pilipili?"

"Hakuwa na kosa. Nilijua hamtamkuta na hatia."

"Angekaa rumande miaka, Mama, akisubiri sisi tusimkute na hatia. Mkewe yuko benchini kwetu tangu jana na sweta lake mkononi."

"Mtu hutoka," Mama Konokono alisema. "Bwawa likifa halirudi."

Hasira zilimpanda Kupe. Alitaka kumwambia kwamba mtu hatoki kama alivyoingia. Lakini alipoitazama ramani ile, na buluu ya maji inayoteremka kuelekea mlango wa mama yake, aliona afadhali anyamaze. Alimsomea haki zake, Koplo akamshika mkono, wakatoka. Langoni Mama Konokono aligeuka akawasihi watakaorudi hapa waoshe miguu.

Kituoni Mkuu alisoma maelezo ya kukiri mara mbili, akavua miwani, akasema jambo moja la haki: Pilipili aachiwe sasa hivi, na asisubirishwe hata dakika. Kisha akasema la pili, nalo pia lilikuwa la haki. Marehemu alifia chini, kwa hiyo kamba ihamie chini. Kupe aliomba kamba ya juu ibaki walau wiki, maana maiti ilitupwa pale. Mkuu alimjibu bila ukali kwamba picha zimepigwa, vipimo vimechukuliwa, halmashauri imepiga simu tangu asubuhi.

"Kamba ya polisi si ua wa bustani, Inspekta."

Kupe alipiga saluti, akatoka. Angepata la kumtukania Mkuu angalau angepumua, lakini Mkuu alikuwa sahihi.

Kwenye Bwawa la Juu, Kupe alikuwa ameshaifungua kamba kwenye miti miwili, anaikunja kiganjani, Pilipili alipokuja kwa njia ya bustanini, sweta mwilini ingawa jua lilikuwa linawaka, mkewe nyuma yake. Macho ya Pilipili yalikuwa yameingia ndani. Alimshika Kupe mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia ahsante, Mungu ambariki yeye na wazazi wake. Mkewe alipiga magoti kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Kupe kuisikia sauti yake, ikisema ahsante hiyo hiyo.

Kisha Pilipili akaiona kamba.

"Unaitoa, Afande?"

"Hapa hakufia mtu."

Pilipili aliwatazama madereva. Walikuwa wanazikusanya kete zao za drafti ndani ya kopo, bila haraka. Aliitazama bustani, akalitazama bwawa, akarudi kwenye kamba iliyobaki kwenye mti wa tatu, na Kupe akamwona anaunganisha mambo mwenyewe: jinsi alivyotoka, na kwa nini kamba nayo inatoka.

"Afande," alisema polepole, "mngenibakiza ndani kidogo. Walau mpaka mvua zipite."

Kupe alimtazama usoni akitafuta mzaha, kwa kuwa Pilipili alijulikana kwa mzaha. Hakuuona. Pilipili aliachia mkono wake, akaingia bustanini, akainama akaanza kung'oa mboga, changa na zilizokomaa, na mkewe akatandaza mtandio wake chini ili wazirundike.

Kupe alifungua fundo la mwisho. Tingatinga la kwanza liliunguruma, likapita karibu naye, likateremka majini na ule ukijani mkavu wa Bwawa la Chini kwenye minyororo yake. Langoni palikuwa na karai, na brashi, na pipa, na hapakuwa na mtu.